Jiwe la Kusagia Lililopanda Baiskeli hadi Katoro

Nimerudi. Ninyi wenzangu wa Didia mmekuja mmoja mmoja, kila mtu na swali lake, nami nimemsimulia kila mtu, na kila mtu ametoka hapa kwenda kusimulia ya kwake. Juzi nimesikia kisimani kwamba huko Katoro niliingizwa kwa machela, na kwamba daktari alinikimbia kwa sababu ya pepo niliyekuwa naye. Machela sikuiona. Daktari kunikimbia ni kweli, ila sababu si hiyo. Sasa naandika mara moja, kwa mwandiko huu wa darasa la watu wazima, anayejua kusoma amsomee asiyejua. Atakayeongeza chumvi baada ya hapa, hiyo ni chumvi yake.

Mguu wangu mnaujua. Ulianza tulipohamishiwa kijijini, siku ile ya mikokoteni na vumbi. Vijana wa kubeba walikuwa wamesimama wanabishana nani abebe kinu na nani abebe kuku. Mimi sikuwa tayari kuliacha porini jiwe la kusagia la bibi yangu. Nikaliinua mwenyewe, lile kubwa la chini, nikageuka nalo kulitia mkokotenini. Kiuno kikalia ka! Nikanyamaza, maana ningesema mngecheka. Baada ya hapo ikawa kama mtu amefunga kamba ya ng'ombe ndani ya tako langu la kulia, anaivuta kupitia nyuma ya paja, kwenye shavu la mguu, mpaka kidole kidogo. Siku nyingine anavuta taratibu. Siku nyingine ana hasira.

Mlisema mengi. Mlisema wazee wamenuna kwa kuachiwa makaburi yao. Mlisema nimeruka dawa iliyotegwa njiani. Mmoja wenu, simtaji, alisema ni uvivu wa kupalilia. Mimi nikaendelea kupalilia.

Kisha ukaja ujumbe wa Doto. Doto wangu, pacha wa Kulwa, amejifungua mabasa huko Katoro, mapacha wa kike na wa kiume, wote wazima. Padre alikwisha kuwabatiza, hiyo ilikuwa sehemu ya padre. Sehemu yetu ilikuwa inanisubiri mimi. Kwa ukoo wetu mapacha hutolewa nje na mama mzaa mama, na kama naye amezaa mapacha, ndiyo heshima yenyewe. Huwapaka unga uliosagwa kwa jiwe la kwao. Na anayewatoa hakai chini, tangu ngoma inaanza mpaka unga umekauka kwenye mapaji ya nyuso za watoto. Akikaa tu, anasogea pembeni, mwingine anashika.

Mfanyabiashara wa ng'ombe aliyeleta ujumbe aliumaliza hivi: "Doto anasema, mama uje umesimama. Usipoweza kusimama, shangazi yake Masanja ataongoza, na amekwisha anza kusafisha koo."

Masanja ndiye mkwe wangu, mume wa Doto. Shangazi yake naye ni mama wa mapacha. Mtu mzuri. Lakini wajukuu ni wangu.

Didia hadi Tinde

Nilikwenda na wifi yangu Minza, dada wa marehemu mume wangu. Mnamjua Minza: mdomo wake hauna mlango. Tulipata mkokoteni wa ng'ombe uliokuwa unapeleka mtama. Mzigo wangu niliufunga mwenyewe asubuhi mlango ukiwa umefungwa: michembe ya viazi vikavu, karanga, khanga mbili za Doto, na katikati ya michembe jiwe la mkono, lile dogo la juu. Lile kubwa haliwezi kusafiri. Sikumwambia mtu. Ningemwambia Minza, angelitoa.

Minza alipousogeza mzigo tu akanitazama.

"Wifi, humu umefunga ndama?"

"Michembe."

"Michembe ya viazi au ya chuma?"

"Panda mkokoteni tuondoke."

Tulikaa kama wanawake wenye adabu wanavyokaa, chini, miguu imenyooshwa mbele, khanga imefunika. Kila gurudumu lilipogonga kisiki, mwenye kamba alivuta. Tulipofika kwenye mashamba ya pamba nikashuka nikaanza kutembea kando ya ng'ombe, na kamba ikalegea. Hilo nilikuwa nimeliona tangu nyumbani: nikikaa naumia, nikisimama napata nafuu. Sikujua maana yake. Watu wa njiani walikuwa wanapiga kelele, "Mama, umegombana na ng'ombe?" Minza anawajibu kutoka juu, "Ng'ombe ndiye amelalamika!"

Tinde tulisubiri basi. Basi halikuja. Tukaambiwa limeharibika, baadaye tukaambiwa limepita, baadaye tukaambiwa siku hizi halipiti. Minza akatandika khanga barazani kwa duka moja akalala. Mimi sikuweza kukaa, nikasimama pale mlangoni, nimeegemea nguzo, uso wangu huu mnaoujua, macho ndani ya duka kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kutazama.

Mwenye duka akanisalimia. Nikaitikia. Akaniletea kigoda. Nikakataa. Akaniletea mkeka, nikakataa. Akaanza kutoka jasho. Wateja waliingia kuuliza sukari, akawaambia haipo, kisha ananitazama. Mwisho akaja karibu, akasema polepole:

"Mama, sukari ipo. Ilikuwa nyuma inapangwa."

"Sawa," nikamwambia.

"Na sabuni ipo. Bei ni ile ile ya serikali."

"Vizuri. Wauzie watu."

Akawauzia. Foleni ilifika barabarani. Watu wa Tinde wakanunua sukari, wakapita wananishukuru, "Wabeja mayu, wabeja," na mimi sijui nashukuriwa nini. Minza alipoamka ndipo akanieleza: yule bwana alidhani nimetumwa kukagua bei. Alicheka mpaka akashika nguzo yangu. Nasi tulinunua sukari ya uzazi wa Doto, kwa bei ya serikali.

Tinde hadi Kahama

Tulipata lori la pamba. Dereva aliitwa Athumani, mtu wa Tanga, mnene, maneno yake matamu kama ya mtu anayeuza kitu. Alituweka mbele pamoja naye kwa heshima. Sikufika mbali. Kiti kile kilikuwa kimezama katikati, magoti yangu yapo juu kama ya panzi, na kila akibadilisha gia naona nyota. Nikapiga kelele, akafunga breki.

"Bibi yangu, kuna nini?"

"Mguu. Niteremshe."

"Hiyo ni baridi yabisi," akasema. "Ninyi wa bara mnakaa sana chini. Ubaridi wa udongo unaingia kwenye makalio unashuka. Kwetu tunakanda kwa mchanga wa moto."

"Kwenu kuna mchanga. Hapa kuna pamba. Nipandishe juu ya pamba."

"Bibi, utaanguka, nikawaambie nini watu?"

"Uwaambie nilikuwa nimesimama."

Akanipandisha, huku anamwomba Mungu kwa sauti. Wenzangu, kama hamjasimama juu ya marobota ya pamba, mmeshika kamba, upepo unapiga khanga, ng'ombe wa watu wanaonekana wadogo kule chini, bado hamjasafiri. Niliimba. Nyimbo zote za kulima, na za kanisani zile zenye kiitikio. Watoto wa kila kijiji walikimbia nyuma yetu. Mwenye kamba hakuvuta hata mara moja.

Kisha lori likavunjika ekseli. Tulikaa kando ya barabara mpaka jua likageuka, tukisubiri kifaa. Minza akawasha moto akachemsha michembe na karanga. Athumani hakuwahi kuila michembe. Alitafuna kipande cha kwanza kama mtu anayeonja dawa, kisha akamaliza bakuli, kisha akamuuliza Minza kama ameolewa. Minza akamwambia, "Nimeolewa na michembe." Basi kuanzia hapo mpaka Kahama alimwita Bi Michembe, na alipotushusha akampa mfuko wa tende. Tende hizo ndizo mlizokula hapa kwangu, mkasema nimekuwa Mwislamu.

Kahama hadi pale daraja lilipokosekana

Kahama tulikula kwa mama mmoja mpika chakula sokoni. Wali, maharage, na maneno. Aliponiona nakula nimesimama akasema ni figo, akanitafutia mizizi ya kuchemsha. Nikamshukuru, nikaiweka mfukoni. Hesabu yenu ilikuwa inaongezeka: wazee, dawa ya njiani, uvivu, udongo, figo.

Tulipanda gari dogo la wachimbaji waliokuwa wanarudi Bulyanhulu. Walikuwa wamejazana nyuma na sururu na magunia matupu, wananuka udongo na moshi. Mmoja wao, mzee wa makamo aitwaye Sitta, alikuwa amesimama kama mimi, ameegemea upande, kiuno kimepinda kama mti uliopigwa na upepo. Tukatazamana.

"Mguu gani?" akauliza.

"Wa kulia. Wewe?"

"Kushoto. Mpaka wapi?"

"Kidole kidogo."

"Wangu kidole kikubwa."

"Ukikohoa?"

"Usiniambie nikohoe, mama!"

Tulifurahi kama ndugu waliopotezana. Yeye hakuwa na habari ya mizimu. Alisema ni shimo. "Unashuka umejikunja, unaponda mwamba umejikunja, unapandisha mawe umejikunja. Siku moja unanyanyuka, kiuno kinabaki chini. Mle ndani karibu wote tunao. Wewe umechimba wapi?"

"Mimi nimelima."

"Jembe la mpini mfupi?"

"Kuna jembe jingine?"

Akatikisa kichwa. "Basi na wewe umechimba, mama. Tofauti hukuwahi kuota dhahabu."

Wachimbaji wakacheka. Nikawagawia karanga. Sitta alishuka Bulyanhulu, akanipungia mkono akiwa amepinda hivyo hivyo. Dereva wa gari lile alikuwa anaendelea upande wa Katoro kufuata mafuta, akatuchukua. Lakini kila mchimbaji aliposhuka, nafasi ilizidi kuwa kubwa, na Minza akanilazimisha nikae, ati nisije nikafika nimechoka. Nikakaa chini, miguu nimenyoosha mbele, adabu yangu ile ile.

Tulifika kwenye mto mdogo tukakuta daraja limechukuliwa na mvua. Hapo ndipo mwisho wa gari. Minza akaruka chini. Mimi nikataka kuinuka, nikashindwa. Nasema nikashindwa. Mguu ulikuwa kama si wangu, moto tangu tako hadi unyayo. Hapo ndipo niliposikia ndani ya moyo shangazi yake Masanja anasafisha koo. Machozi yalinitoka.

Bahati ni kwamba kando ya daraja lile palikuwa na zahanati.

Zahanati, na ukuta wake

Walinishusha kwa kunishika mabega. Zahanati yenyewe ni vyumba viwili vya matofali na ukuta kati yake usiofika juu. Daktari alikuwa kijana mrefu, mpole, aitwaye Paulo. Alisema yeye si daktari, ni mganga msaidizi, lakini mimi namwita daktari. Alikuwapo pia nesi, msichana mnene aitwaye Limi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Lala hapa kitandani. Nitainua mguu wako taratibu, uniambie unapoumia. Unatoka wapi?"

"Didia."

"Mbali! Unakwenda wapi na mguu huu?"

"Katoro, kwa binti yangu Doto. Kajifungua mapacha. Mume wake ni Masanja."

Mkono wake ulikuwa umeshafika karibu na kisigino changu. Ukasimama hewani.

"Masanja yupi?"

"Masanja wa mzee Luhende."

Wenzangu, sijaona mtu akitoka chumbani kinyumenyume kwa kasi ile. Aligonga meza, akagonga mlango, akatoweka. Mimi nikajifunika khanga uso mzima, maana nilikuwa nimeelewa sekunde ile ile. Huyu ni mdogo wake Masanja, yule aliyekuwa masomoni wakati wa arusi. Ndugu wa mkwe ni mkwe. Na mimi nimelala mbele yake, mguu wazi mpaka goti!

Ndiyo hiyo habari ya daktari kunikimbia. Pepo hakuwepo.

Nesi Limi alibaki ameshika mdomo. Minza alikuwa amekaa chini, bega linatikisika, akijifanya anakohoa. Kisha sauti ya Paulo ikaja kutoka chumba cha pili, kupitia juu ya ukuta.

"Limi! Mwambie mama anisamehe."

"Anasema umsamehe."

"Nimesikia. Mwambie hana kosa. Mwambie aendelee kutibu huko huko aliko."

Basi nikatibiwa na ukuta. Paulo anasema, Limi anafanya, mimi najibu nimefunikwa uso.

"Limi, inua mguu mzima wa kushoto, goti limenyooka. Anaumia?"

"Haumii."

"Sasa wa kulia. Polepole."

Haukufika hata kimo cha ndoo. Nilipiga ukelele, kuku wa zahanati wakaruka.

"Nimesikia," ukuta ukasema. "Asukume mkono wako kwa kidole kikubwa. Ana nguvu? Vizuri. Mwinueni sasa, asimame kwa visigino. Kwa vidole. Mguuni anasikia ukimgusa? Pote?"

Nilisikia pote, isipokuwa pembeni mwa kidole kidogo, pamekufa ganzi kidogo. Akauliza kama nina homa za jioni, kama nakohoa, kama nimekonda, maana kifua kikuu nacho hukaa kwenye uti wa mgongo. Hapana, hapana, na mnaniona kama nimekonda. Akauliza kama nilianguka. Hapana.

"Limi," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Njoo."

Limi akaenda. Wakanong'ona. Nikamsikia Limi anasema, "Muulize wewe!" na yeye anasema, "Mimi? Mkwe wangu?" Limi akarudi, ameuma midomo.

"Mama, anauliza... lazima aulize, ni muhimu. Anauliza kama unapata haja ndogo vizuri. Kama haikuzuii wala haitoki yenyewe. Na kama pale unapokalia pana ganzi."

Hapo Minza alishindwa. Alitoka nje kwa magoti, tukamsikia anagaagaa na kicheko kwenye nyasi.

Nikavuta pumzi. Mtu mzima hajibu mambo hayo kwa mkwe. Lakini yule kijana naye alikuwa ameona aibu, na bado alikuwa ameuliza. Nikasema kwa sauti, kuuelekea ukuta: "Mwambie mkojo wangu unanitii kuliko wanangu! Na ganzi huko haipo!"

"Ashukuriwe Mungu," ukuta ukasema.

Akaeleza vizuri sana, nami nawaeleza kama alivyoeleza. Mifupa ya mgongo imepangwa kama vibuyu, na kati ya kimoja na kingine kuna kitu laini cha kuzuia kusuguana. Ukiinua kizito umepinda na kugeuka, kile kitu kinaweza kutokeza nje, kinabana mshipa wa fahamu unaotoka mgongoni, unapita takoni, unashuka mguuni mpaka vidoleni. Ndiyo maana ugonjwa upo kiunoni na kilio kipo kidoleni. Akasema si kwa kila mtu sababu ni hiyo. Kwa wazee wengine mfupa wenyewe huota na kuziba njia ya mshipa. Kwa wengine ni nyama ya takoni inakaza juu ya mshipa. Wengine mimba, wengine kuanguka. Kulima umeinama na kupanda magari kunazidisha. Na kukaa chini miguu imenyooshwa kunauvuta mshipa uliokwisha kubanwa, kama kuvuta kamba iliyonaswa mlangoni.

"Muulize kama aliwahi kuinua kitu kizito akasikia kitu."

"Jiwe la kusagia," nikasema. "Siku ya kuhamia."

"Na siku hizi anabeba vizito?"

"Habebi," nikasema mimi mwenyewe.

"Limi, mwekee kitu chini ya magoti apumzike. Mto hatuna. Weka mzigo wake."

Limi akashika mzigo wangu kwa mkono mmoja. Haukuinuka. Akashika kwa miwili, akaguna, ukamponyoka, ukaanguka sakafuni kwa kishindo, michembe ikatawanyika, na katikati yake jiwe likabiringika mpaka mlangoni, miguuni pa Minza aliyekuwa anarudi ndani anafuta machozi.

"Nini hicho?" ukuta ukauliza.

Minza akalitazama jiwe. Akanitazama. "Daktari," akasema, "ugonjwa umepatikana. Umekuja wenyewe kwa miguu."

Nilichambwa pale! Na Minza, na Limi, na ukuta. Jinsi nilivyolipandisha kichwani na kulishusha, kila kituo, nimeinama na kugeuka, bila kumwachia mtu. Paulo alisema kawaida angenilaza juu ya ubao, nisitoke. Nikamwambia ngozi ya ng'ombe ninayolalia nyumbani haina tofauti na ubao, ila kulala silali, nina mapacha wa kutoa nje, na anayewatoa hakai. Ukuta ukafikiri.

"Akitembea anaumia?"

"Anapata nafuu," Minza akajibu.

"Basi atembee. Asikae chini, asiiname, asibebe. Nitampa vidonge vya maumivu. Ila mwambieni hivi: ule unyayo ukianza kulegea, au haja ikibadilika, au ganzi ikija pale nilipouliza, asingoje mtu wala ngoma. Aende hospitali kubwa siku hiyo hiyo." Kisha akaongeza, "Na mimi ni baba mdogo wa watoto wale. Nataka watolewe na bibi yao."

Nililia tena chini ya khanga, lakini kilio kingine.

Zahanati hadi Katoro

Paulo alituma mtu, na kesho yake Masanja akaja na baiskeli. Alisimama mbali, uso ameugeuzia mtoni, akanisalimia kwa heshima zote. Nami nikamwitikia nimegeukia ukuta. Baiskeli ilikuwa na kiti kizuri cha nyuma. Nani akae pale, nyuma ya mgongo wa mkwe wake? Si mimi.

Kwa hiyo lilikaa jiwe. Masanja alilifunga kwa mpira, akalifunika kwa khanga lisipigwe na jua, akalivusha mto kwanza, maji yakiwa magotini, amelishika kama mtoto. Mimi na Minza tukavuka nyuma yake tumeshikana. Kisha akasukuma baiskeli mbele, sisi tukafuata kwa umbali unaotosha kwa adabu. Akisimama tunasimama. Tukikaribia anaongeza mwendo.

Watu tuliokutana nao walishangaa. "Mbona bibi anatembea na jiwe limepanda?"

"Jiwe ndilo linaumwa!" Minza akawajibu. "Bibi analisindikiza."

Nilitembea mikono mitupu. Sikumbuki mara ya mwisho nilipotembea mikono mitupu, bila jembe, bila mtungi, bila mtoto mgongoni. Mgongo ulinyooka wenyewe. Kulikuwa kumenyesha, migomba ya watu inang'aa, mtu mmoja akatugawia mahindi ya kuchoma bure kwa sababu alipenda tunavyoimba. Kamba ilikuwepo, ilivuta mara moja moja. Lakini nilikuwa nimeshamjua anayeshika upande wa pili, na sikumwogopa tena.

Katoro

Doto alinikumbatia analia na kucheka. Wajukuu ni wekundu kama udongo wa kule, wana sauti kama ya baba yao akiita ng'ombe. Tulikula sato wa ziwani na ugali wa muhogo, nikala nimesimama. Shangazi yake Masanja alikuja kunipima kwa macho.

"Karibu, mama Kulwa. Njia haijakuchosha? Ukitaka kukaa, kaa. Mimi nipo."

"Nakuona upo," nikamwambia. "Lakini nimekuja nimesimama."

Jiwe la mkono likasaga mtama juu ya jiwe kubwa la Doto. Sikusaga mimi. Nilimwachia Minza, akasaga akinitukana kwa kila mkono. Kisha ngoma ikaanza.

Mnajua siku ya mabasa ilivyo. Siku zote mkwe na mkwe hawatazamani, lakini siku hiyo ukuta wote huanguka. Mtu humwimbia mkwe wake usoni, matusi na yote, na mwenye kununa ndiye mwenye aibu. Mengi ya tuliyoimba siandiki, maana karatasi hii itapita mikononi mwa katekista. Niliimba, nikacheza nimenyooka kama nguzo ya Tinde, miguu tu ndiyo inakwenda, kiuno kimetulia. Shangazi alikuwa nyuma yangu anaitikia, macho kwenye magoti yangu. Katikati ya ngoma kamba ikavutwa, vibaya. Nikasita. Shangazi akapiga hatua moja mbele.

Na hapo nikamwona Paulo. Alikuwa ametoka zahanati yake, amesimama nyuma kabisa ya watu, amejificha kwa mgongo wa Masanja. Maumivu yakaniambia kaa. Furaha ikaniambia mshike huyo!

Nikapasua watu, nikasimama mbele yake, khanga begani, uso wazi, nikaanza:

"Aliyeuliza mkojo wa mkwe nyuma ya ukuta,
leo ukuta haupo, aje aulize tena!"

Watu walilipuka. Limi alikuwepo, akaanguka kwa kicheko. Paulo akashika kichwa, lakini mila anaijua, hakuna kununa. Akaingia katikati, kijana mrefu yule, akanijibu usoni kwa sauti kubwa:

"Mkwe aliyeficha jiwe kwenye michembe,
asipotii dawa, namwekea ukuta mwingine!"

Tukacheza tumeangaliana, mimi na mkwe wangu, na Masanja akaingia, na shangazi akasahau kwamba alikuwa anasubiri zamu, akaimba kuliko wote. Sijui kamba ilikwenda wapi. Nilipoletewa watoto niliwapaka unga, mmoja kisha mwingine, bila kuinama. Masanja ndiye aliyewainua mpaka kifuani pangu, karibu kabisa, siku ile tu. Nikabaki nimesimama mpaka unga ukakauka.

Asubuhi yake tuligeuziana migongo kama kawaida, tukasalimiana na miti.

Mguu haujapona. Asubuhi unavuta, mchana unaacha. Jiwe la mkono nimeliacha Katoro kwa Doto, na hili kubwa lililobaki hapa sitaliinua tena hadi nife. Mkija kwangu mtanikuta nimekaa kwenye kigoda kama mwanamume. Msinong'one. Ni dawa, nimeandikiwa na mkwe wangu. Na yeyote kati yenu mwenye maumivu yanayoshuka mguuni, aje nimwinue mguu kidogo, nijue kama ni mmoja wetu. Kisha mwenyewe atakwenda zahanati, na akiulizwa lile swali, ajibu kwa sauti.